Mtani Halii

Pale Visiga, kando ya barabara ya Morogoro, uliza mashine ya kusaga. Hata mtoto anayejifunza kutembea atakuelekeza kwangu. Mashine ni yangu, jengo ni langu, na lori lililoegeshwa nyuma ni langu pia, ingawa siku hizi dizeli inapatikana kwa kudra ya Mungu. Darasa la nne sikulimaliza. Waliolimaliza wakaendelea mbele mpaka wakapata viti vya ofisini, wananijia kwa sauti ya chini wakiomba niwasagie kwanza. Sisemi haya kwa kujisifu. Haya, najisifu kidogo. Mali niliyoitafuta kwa mgongo wangu mwenyewe siwezi kuitaja kwa kunong'ona.

Na mdomo ninao. Nikisimama kwenye mkutano wa kijiji, waliokuwa wanasinzia wanaamka. Nimewahi kumjibu bwana mkubwa kutoka wilayani mpaka akasahau alichokuja kusema. Kwa mdomo, hapa Visiga sijapata mshindani.

Lakini wakija akina mama wa Vihingo na mahindi yao, mimi hujitafutia kazi nyuma ya jengo. Kwao hakuna mashine, kwa hiyo wanatembea mbali kuja kwangu. Wakishatua mizigo lazima mmoja atapaza sauti juu ya kelele za mashine: "Mtani, leo umeshalia?" Wenzake wanacheka mpaka kanga zinawavuka mabega. Nami nacheka, kwa sababu mtani akikasirika amekwisha. Shingo tu ndiyo inayopata moto. Vijana wangu wa mashine wanadhani ni maneno ya kawaida ya Wazaramo na sisi Wanyamwezi. Si ya kawaida. Yana mwanzo wake, na Vihingo nzima wanaujua. Afadhali nisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia wao, maana wao watatia chumvi.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, bendera mpya haijapauka jua. Nilikuwa nimekuja Dar kwa treni kutoka Tabora, kijana, nabeba magunia ya Wahindi. Jumapili moja nikaingia katika kanisa dogo la wageni kwa sababu nilisikia wanaimba vizuri, nikaimba nao. Nilivyoimba mimi, watu wa mbele waligeuka kunitazama. Haukupita muda mrefu nikawa nasimama kusema, na kwa kusema niliwapita vijana waliosoma, wenye vyeti vyao.

Kanisa lile lilikuwa na desturi ya kutuma vijana wawili wawili, miaka miwili, bila mshahara, kwenda kuhubiri mahali ambapo halijafika. Mnavaa shati jeupe na tai. Hamnywi pombe, hamvuti tumbaku, chai na kahawa hamgusi. Hamwachani: mkila mnakula pamoja, mkienda kwa watu mnakwenda wote. Mimi nikachaguliwa, na nyumbani Tabora nikatuma salamu kwa kila aliyepanda treni: waambieni nimekuwa mhubiri, nimevaa tai, nimepewa baiskeli. Mama yangu, niliambiwa, alizunguka kijiji kizima na hiyo habari.

Tukapangiwa Soga. Mwenzangu alikuwa kijana wa Upare, mpole, aliyefika shule ya kati na kuimaliza, mtu wa kufikiri kabla ya kusema. Tulikaa katika chumba cha udongo si mbali na stesheni, na treni ikipita vyombo vyetu vilikuwa vinacheza juu ya meza. Kila asubuhi tulipiga pasi mashati yetu kwa mkaa, tukapanda baiskeli, tukaingia njia za mchanga kuelekea Vihingo. Tulipofika mashati yalikuwa mekundu. Wanakijiji walituita "wale mabwana wa pasi".

Sitasema uongo, kulikuwa na raha yake. Kupita chini ya mikorosho asubuhi, umande bado uko, tunaimba sauti mbili. Kukaribishwa kila nyumba, hata ile isiyotaka neno letu. Watu wa kule walikuwa Waislamu tangu babu zao, lakini hakuna aliyetufukuza. Walitupa madafu, walitupa mihogo ya kuchoma, walitusikiliza mpaka mwisho, kisha wakatuuliza habari za mvua. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yetu. Mtu akikufukuza unajua umesema kitu. Sisi tulikuwa kama mvua juu ya jani la mgomba.

Mwaka ukaenda hatujapata hata mtu mmoja. Wenzetu waliopelekwa kwingine walikuwa wameshabatiza. Mkubwa wetu wa Dar, mzungu mmoja mtaratibu ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu lakini cha kitabuni, alikuja Soga akatuketisha. Hakufoka. Alisema kwamba labda mimi sikuitwa kwa kazi hii, na kama mvua za masika zitaanza bado hali ni hiyo, atanikatia tiketi nirudi Tabora, na mwenzangu ataletewa mtu mwingine. Alipoondoka sikuweza kula. Nilikuwa namwona mama anazunguka tena kijiji kizima, safari hii kuwaeleza kwa nini nimerudi.

Sasa nimseme mzee wa Vihingo.

Alikuwa mwosha maiti. Katika vitongoji vile vyote, mwanamume akifa yeye ndiye aliyeitwa kumwosha na kumvika sanda. Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mfupi, mwenye tumbo, mpenda bao na mpenda maneno, na akicheka alikuwa anapiga paja lake kama anaua mbu. Siku ya kwanza tulipofika kwake tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza sisi ni watu wa wapi na hizo tai shingoni. Mwenzangu akasema Upare. Mzee akaguna tu. Mimi nikasema Tabora, Mnyamwezi.

Mzee alinyanyuka kwenye kigoda akamwita mkewe: "Toka nje uone! Pagazi wangu amerudi."

Nililazimika kuambiwa maana yake, na hiyo peke yake ni aibu. Zamani misafara ya Wanyamwezi ilipita Uzaramo kwenda pwani, wapagazi wamebeba pembe za ndovu kichwani, na tangu hapo makabila haya mawili ni watani. Mnatukanana bila kugombana. Mnachukuliana vitu bila kuombana. Na penye msiba mtani ndiye mwenye kazi: atabeba, atachota, atachimba, na zaidi ya yote atawachekesha wafiwa ili wapumue. Mtoto yeyote wa Kinyamwezi anayajua haya tangu mgongoni mwa mama yake. Mimi nililelewa na mjomba aliyekuwa mlinzi katika misheni, mtu mkali, ambaye kwake ngoma, matambiko na utani vilikuwa kapu moja la ushetani. Niliujua utani kama unavyoijua nchi uliyosikia jina lake tu.

Kwa hiyo kila tulipokwenda kwa mzee, yeye alikuwa anacheza mchezo ambao mimi sikujua kama nimo ndani yake. Akituona kwa mbali alikuwa anapaza sauti:

"Pagazi, leo umebeba nini?"

"Nimebeba neno la Mungu, mzee."

"Litue basi upumzike. Sisi hapa tunalo letu."

Anapiga paja, mkewe anacheka jikoni, na hata mwenzangu anatabasamu akiangalia chini. Akitukaribisha kahawa tukakataa, alikuwa anamwambia mkewe: "Mungu wa pagazi anaogopa kahawa, mletee dafu." Siku moja alinivua tai yangu akaivaa yeye juu ya kanzu, akaenda nayo mpaka kwa jirani, na nikarudishiwa baada ya wiki. Mimi nilimwona ni mzee asiye na adabu. Lakini nilimrudia, na nitasema kwa nini: yeye ndiye peke yake aliyebishana nami. Wengine walinisikiliza. Huyu alinijibu.

Masika ilikuwa inakaribia. Mawingu yameanza kukaa upande wa bahari, watu wanachoma magugu mashambani. Tukamkuta mzee peke yake anashona mkeka uliokatika, amechoka. Alikuwa ametoka kumwosha rafiki yake wa jando, wale waliotahiriwa pamoja, na alikuwa amemaliza kumzika jana yake. Nikaona leo moyo wake ni laini. Nikamhubiria kama sijawahi kuhubiri. Katika kanisa letu tulikuwa na neno la kusema kwa watu: dhambi ni uchafu, na mtu lazima aoshwe. Nililirudia hilo neno. Lazima uoshwe, mzee. Usikubali kuondoka duniani hujaoshwa.

Mzee aliacha kushona. Hakupiga paja.

"Umesema neno," akasema. "Mimi nimewaosha wote hapa. Baba yangu nimemwosha, ndugu zangu nimewaosha, jana nimemwosha mwenzangu. Mwosha huoshwa. Mimi nitaoshwa na nani?"

Nikasema, kwa sauti ambayo hata sasa naisikia: "Mimi hapa, mzee. Mimi nitakuosha."

Kisha akatabasamu taratibu, kama mtu aliyepewa kitu. "Kweli, mtani? Basi nimekubali. Wewe ndiye utakayeniosha. Kazi yako hiyo."

Barabarani nilikuwa nakanyaga baiskeli naimba. Mwenzangu alinifuata mpaka tulipolikaribia daraja la reli, akashuka akasimama. Akasema yeye ana wasiwasi. Mzee hakutaja ubatizo. Hakutaja Yesu. Tumrudie kesho tumuulize kwa neno lenyewe.

"Wewe Mpare unajua nini cha Wazaramo?" nikamwambia. "Mimi ndiye mtani wake."

Ona basi. Siku ile nilipolihitaji lile neno nilijua kulitumia.

Jioni ile ile nilikwenda stesheni nikamwomba mfanyakazi mmoja wa reli, muumini wetu wa Dar, apeleke salamu kwa Mkubwa: tumepata mtu Vihingo, mzee, mwosha maiti wao, amekubali kuoshwa. Salamu ikarudi na treni ya pili. Mkubwa amefurahi sana. Atakuja Jumamosi na wageni.

Kwa mzee nilipita mara moja tu kabla ya siku hiyo, juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Nikamwambia siku yake ya kuoshwa ni Jumamosi, kwenye bwawa pale bondeni, na watakuja wakubwa kumwona. Mzee alikunja uso kidogo, halafu uso ukafunguka wote, akapiga paja kwa nguvu. "Jumamosi! Hata kufa hujaniacha nife, pagazi? Haya, nitakuja, sitakuangusha." Nilicheka naye nikaondoka. Mwenzangu alikuwa amefungua mdomo kumuuliza, lakini mimi nilishakanyaga.

Jumamosi Mkubwa akaja na gari la kanisa. Alileta waimbaji, alileta mzungu mgeni mwenye kamera, alileta kanzu nyeupe ya kubatizia imekunjwa kama bendera. Tukasimama kando ya bwawa, waimbaji wakaimba, na mimi nilikuwa mbele yao wote, tai imenyooka. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kusema baada ya ubatizo. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kupeleka Tabora.

Tukasikia kicheko kabla ya kuona watu. Kijiji kizima kilikuwa kinashuka bondeni. Mbele yao alikuwa mzee, amejifunika shuka jeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, limefungwa juu na chini kama sanda, mikono tu imetoka. Mkono mmoja kata ya maji, mkono mwingine kipande cha sabuni. Alikuwa amejiziba pua kwa pamba. Nyuma yake wanawake walikuwa wanaomboleza kwa mzaha: "Uuuwi, mzee wetu kafa, pagazi ndiye kamuua, kamuua kwa maneno!" Akafika, akajilaza kwenye nyasi mbele ya miguu yangu, akafumba macho.

"Nioshe basi, mtani," akasema kutoka chini. "Ila polepole, maji ya bwawa ni baridi, na masikio usisahau. Na ukishaniosha uchimbe kaburi mwenyewe, mimi sina nguvu."

Watu walianguka kwa kicheko. Waimbaji wetu wawili walicheka pia, nikawaona. Mzungu mgeni akapiga picha. Mkubwa alikuwa ameshika ile kanzu nyeupe mbele yake kwa mikono miwili, akaniuliza kwa Kiswahili chake kizuri: "Ndugu, huyu ndiye?"

Mimi mwenye mdomo. Nilichotakiwa kufanya hapo najua sasa, na kila mtani anajua: ningelimwaga kata ya maji usoni kwake, ningelisema maiti gani hii yenye tumbo, ningelidai ujira wa kuchimba. Watu wangelicheka mpaka jua lizame, na pengine Mkubwa naye angelicheka. Lakini mimi niliiona tiketi ya Tabora tu. Nikamwelekezea kidole mzee aliyelala nikasema kwa sauti ya mahubiri, ile inayofika mbali:

"Huyu simjui. Mimi sina mtani."

Kicheko kilikatika. Nimeona mashine yangu ikizima ghafla, mkanda umekatika, namna masikio yanavyobaki yanavuma. Ilikuwa hivyo. Ukimkana mtani wako mbele ya watu umemkana ndugu, tena ndugu ambaye hawezi kukushitaki popote.

Mzee alifumbua macho. Akatoa pamba puani, kipande kimoja, na cha pili. Akakaa, akasimama, akalifungua lile shuka na kulikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama alivyozoea kukunja vitambaa vya kazi yake. Hakunitazama mimi. Alimtazama Mkubwa.

"Bwana," akasema, "usimlaumu kijana wako. Hakukudanganya. Mimi nilimwambia kwa kinywa changu kwamba yeye ndiye ataniosha. Nimerudi nyuma mwenyewe. Uzee."

Akawageukia watu wake, wakapanda kilima.

Basi tiketi ya Tabora sikukatiwa. Mkubwa alimwamini mzee. Akaniambia kwamba mbegu nyingine huanguka penye mwamba, nisikate tamaa, atanipa muda. Akaongeza kwa upole kwamba nisijichanganye tena na mila za watu wa Vihingo, kwa sababu akisikia jambo lingine la namna ile itabidi niondoke. Mzee aliniachia kazi yangu. Kwa uongo wake. Na mimi nilikuwa nimemkana kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Tuliporudi Vihingo, mzee alitupokea kwa heshima zote. Akatutolea viti. "Karibu, Bwana Mwalimu," akaniambia. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akasikiliza neno langu mpaka mwisho kama wengine wote, kisha akaniuliza habari za mvua. Hakuuliza nimebeba nini. Tai yangu ilibaki shingoni mwangu. Nilikuwa sijui kwamba heshima inaweza kumchoma mtu. Siku nyingine nilijaribu mwenyewe, nikamwambia, Mzee, wewe Mzaramo unapenda bao kuliko jembe. Nilisema kama mtu anayesoma. Mzee aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akasema, "Ni kweli, Bwana Mwalimu." Mkewe aliinuka akaingia ndani.

Masika ikapita. Watu wakavuna. Asubuhi moja akaja mtu kutoka Vihingo kwa miguu, akatukuta tunapiga pasi. Hakuketi. Alisema, "Mtani unaitwa. Mwenzio amefariki alfajiri. Ameacha neno kwamba mtani wake ajulishwe."

Hakusema Bwana Mwalimu. Sikusikia vizuri yaliyofuata.

Mwenzangu alichukua pasi mkononi mwangu, maana shati lilikuwa linaungua. Sote tulijua maana ya kwenda. Kushiriki mazishi ya dini nyingine kwetu kulikatazwa, na Vihingo nilishaonywa. Nikamwambia kwamba tunatakiwa kwenda wote kila mahali. Akasema leo atakaa. Nikamuuliza, wakija watu wa Dar atawaambia nini.

"Sitasema unaumwa," akasema. "Nitasema umekwenda msibani kwa mtani wako."

Nikaweka tai mfukoni nikaenda. Sitaki mtu anione shujaa hapa. Njia nzima nilikuwa nimetega sikio nisikie treni, nikisema moyoni kwamba nikiisikia nitageuka.

Kule nilikuta wameshakusanyika. Mwalimu wa madrasa, aliyechukua kazi ya kuosha siku hiyo, alinieleza vizuri kwamba kuosha kwenyewe ni kwa Waislamu, mimi siwezi. Lakini maji ya kumwoshea hayajachotwa. Watu walikuwa wameyaacha makusudi. Akanionyesha debe.

Nikashuka bondeni kwenye lile lile bwawa, nikachota, nikapanda na debe kichwani. Nikarudi tena. Shati langu liliganda mwilini kwa maji na jasho. Nilipokuwa napanda, mzee mmoja kwenye mkeka alisema taratibu, bila kucheka, "Pagazi huyo," na wengine wakaitikia, "Huyo." Maji aliyooshewa mtani wangu niliyabeba mimi. Hilo naweza kujisifia.

Baada ya kuzika, tukarudi nyumbani kwake, na hapo ndipo kazi yangu hasa ilipokuwa inaningoja. Wanawake walikuwa wanalia tangu alfajiri. Wanaume wamekaa, wananitazama. Kila nilipogeuka nilikuta macho. Walikuwa wanangoja mtani achukue kofia ya marehemu avae, adai kuku, aseme marehemu alikuwa mchoyo wa kahawa, aseme chochote. Nilikuwa nimehubiri mbele ya mamia. Nilisimama pale kama mti uliokatwa matawi.

Mjane akatoka ndani. Alikuwa amejifunika kaniki, macho yamevimba. Alikuja mpaka mbele yangu, akasema kwa sauti ndogo, kama anayeomba chumvi kwa jirani:

"Mtani, sema neno. Tumechoka kulia."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, Huyu mzee alikuwa na tumbo, debe moja halikumtosha. Nilikuwa nalo, neno zuri, limekaa kwenye ulimi. Nikasema, "Huyu mzee," nikamwona tena pale bwawani analikunja lile shuka jeupe pembe kwa pembe, nikaanza kulia. Si kulia kwa kiume, machozi mawili na kuguna. Nililia kwa sauti, kwa kwikwi, makamasi yanatoka, nikakaa chini mchangani na shati langu jeupe.

Kisha mwanamke mmoja huko nyuma akasema, kwa mshangao wa kweli: "Jamani, mtani analia."

Na mwingine: "Mtani halii! Tangu lini mtani akalia?"

"Pagazi mzigo umemshinda."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia, akashindwa. Halafu wote. Wanaume walilala juu ya mikeka. Mjane aliziba mdomo kwa kaniki, mabega yanatikisika, akashindwa naye, akacheka huku machozi yanamtoka, akanipiga mgongoni kama unavyompiga mtoto aliyepaliwa. Nami nilikuwa naendelea kulia, na kila nilivyozidi ndivyo walivyozidi. Wakaita baraza pale pale wakanihukumu: mtani aliyelia msibani atalipa kuku, tena jogoo. Wakanivisha kofia ya marehemu. Kahawa ikaletwa, nikapewa kikombe, nikanywa.

Habari ilifika Dar upesi, na Mkubwa akaja Soga. Mkubwa hakufoka wala hakunidharau. Alinipa mkono, akanipa tiketi ya Tabora. Mwenzangu alinisindikiza stesheni, akanishikia baiskeli ambayo haikuwa yangu tena. Treni ikaja, ikasimama, ikaondoka. Sikupanda. Nilikwenda kwa miguu mpaka barabara ya Morogoro, nikapata kazi ya kushusha magunia, na magunia yale ndiyo yaliyozaa mashine hii. Mama alikwisha kunisamehe kabla hajafariki, au alisema hivyo.

Vihingo walihamishwa miaka ya operesheni, wakapangwa kwa mistari katika kijiji kipya. Kaburi la mzee limebaki peke yake katika mahame, na wakati wa kiangazi napita na lori kung'oa magugu. Jogoo nililipa mwaka ule ule. Lakini mjane, ambaye sasa ni bibi kizee wa kushikwa mkono, bado anakuja mashineni kwangu na wakwe zake. Wiki iliyopita aliketi juu ya gunia la pumba, akanitazama napita nyuma ya jengo, akaniita.

"Mtani, unakwenda wapi? Njoo hapa. Mimi nami sina siku nyingi."

Nikarudi nikasimama mbele yake.

"Umeshalitafuta neno la kusema?" akaniuliza. "Au siku yangu nayo utalia?"

Wafanyakazi wangu wote walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia bado nalitafuta, mtani. Akapiga paja lake, kama mumewe, akasema nifanye haraka, na mahindi yake nisiyachanganye na ya watu.